Bosi wa Kando ya Mto

Wananchi na wageni wote waarifiwe kwamba Kamati ya Kukagua Nidhamu ya Kazi katika Michoro ya Kigeni imegundua kasoro kubwa. Katika mchoro wa kale wa Kibelgiji, uliohifadhiwa ghalani Al-Sulay, Riyadh, ukisubiri maonyesho ya Jeddah, mto mzima umejaa watu wanaochapa kazi. Wanapakua mapipa, wanafua, wanavua, wanaswaga ng'ombe. Bosi hayupo.

"Kazi bila msimamizi!" alimaka Mwenyekiti Mishari. "Umma utajifunza nini?"

Protus, mlinzi wa ghala, alisimama mlangoni. Likizo yake ilingoja sahihi ya Mwenyekiti huyo huyo, na kule nyumbani kwake Bungoma, binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi.

Kamati ikakodoa macho, ikala tende, ikakodoa tena. Hatimaye Mwenyekiti, aliyevua miwani ili aonekane wa heshima, akanyoosha kidole kwenye kona yenye giza. Mwanamume mwenye kofia pana alisimama ukingoni, kawapa watu mgongo, miguu kaitanua, kichwa kakiinamisha, mikono mbele.

"Ndiye! Anatafakari mustakabali wa mto."

Wajumbe wawili walikohoa. Wengine walitazama viatu vyao. Azimio likapita kwa kauli moja.

"Bosi, samahani," Protus akasema, "huyo mtu..."

"Wewe ni mlinzi wa picha, si mtazamaji. Halas, yaishe!"

"Sawa, bosi. Na ile likizo?"

"Kamati ikimaliza kazi."

Protus akampigia Valentine, dereva aliyepangiwa kuupeleka mchoro Jeddah.

"Niwaambie ukweli ama?"

"Wacha, bro! Ukiongea wataunda kamati ingine, na harusi ikupite hivi hivi."

Akaufyata ulimi. Kwa furaha ya kumpata bosi wa mto, Mwenyekiti alisaini likizo, kisha akapigwa picha akiwa kasimama vile vile: mgongo, miguu, mikono mbele. Bango la picha hiyo likatundikwa langoni mwa maonyesho, refu kuliko mlango: HUU NDIO UONGOZI.

Protus alikuwa uwanja wa ndege wa Riyadh video ya Valentine ilipoingia. Taa za Jeddah zilikuwa kali. Kutoka kwa yule bwana wa kofia, kijito chembamba cha manjano kilikuwa kikitiririka mtoni. Wageni walikiona, wakageuka kulitazama bango, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Simu ikalia.

"Protus! Ulijua kwamba yule mtu anakojoa?"

"Bosi, mimi ni mlinzi wa picha, si mtazamaji," Protus akajibu, akazima simu, akapanda ndege.