Malalamiko Dhidi ya Jeanine na Mikia ya Vitenzi Vyake

Kwa Bi. Wangari,
Mwenyekiti, Kamati ya Vyeti vya Kiswahili,
Lodwar.

Bi. Mwenyekiti,

KUH: KUMNYIMA CHETI MWANAFUNZI JEANINE

Natumaini jua la Lodwar linakuhurumia. Huku Kakuma sote tu wazima, isipokuwa Kiswahili. Mimi ni mwalimu wa darasa la watu wazima, mwaka wa kumi na mmoja sasa. Naomba uidhinishe uamuzi wangu wa kumnyima cheti Jeanine, mkimbizi kutoka Kongo. Bila cheti hicho hataajiriwa kuwa mkalimani wa zahanati, na usaili ni Ijumaa. Sababu zangu ni hizi:

1. Kila kitenzi anakitia mkia. Kwenye mtihani nilimuuliza asubuhi hufanya nini. Akajibu, "Ninaamkaka mapema, ninaombaka Mungu, kisha ninaendaka kwa bomba." Nikamweleza kwamba Kiswahili sanifu kina "hu-" ya mazoea, nayo hukaa mbele. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, mbona basi tunasema pika, pikia, pikisha, pikiana, kama mwisho wa kitenzi hauruhusiwi kufanya kazi. Nilimkata alama mbili za nidhamu.

2. Ugonjwa umeenea. Justin, Mrundi wa dawati la nyuma, alisimama akaeleza kwamba Kifaransa hubadilisha mwisho wa kitenzi kwa kila mtu, halafu nusu ya herufi hizo hazitamkwi. Darasa zima lilicheka. Katika miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kucheka kwenye somo langu, na sikupenda kugundua kwamba inawezekana.

3. Hata Kiturkana hakikusalimika. Jeanine amekijifunza bombani, kwa akina mama anaopanga nao foleni. Akanifundisha mimi, Aukot, mzaliwa wa Namoruputh, kwamba mwisho wa kitenzi chetu unaweza kuonyesha kama jambo linakuja huku au linakwenda kule. Nimeizungumza lugha hiyo miaka arobaini na sita bila habari. Niliumia, na bado naumia.

4. Hili ndilo kubwa. Mama yangu, Akai, aliletwa zahanati kwa ajili ya presha, na mkalimani nilikuwa mimi. Daktari alisema kidonge kimoja saa mbili asubuhi, kingine saa mbili usiku. Nilitafsiri bila kosa hata moja, kisha nikamnunulia mama saa ya ukutani. Baada ya wiki tatu alirudi presha ikiwa imepanda zaidi, na vidonge vyote vimo mfukoni kama alivyopewa. Saa aliisifu, akasema ina sauti nzuri. Mama hajawahi kusoma saa maishani mwake, na mimi mwanawe nilikuwa najua. Jeanine alikuwa kwenye foleni. Alimsalimia "ejok", akampa tumbaku kidogo, akamwambia kwa Kiturkana: kimoja mbuzi wakitoka, kimoja wakirudi. Mama alielewa kabla sijapata la kusahihisha. Sasa anamuuliza kila anayepita kwa nini nilimwangusha mtoto yule mtihani.

5. Kwa hiyo, Bi. Mwenyekiti, Jeanine akipewa cheti, wagonjwa wataelewa wanachoambiwa, watapona kwa Kiswahili kibovu, na mimi nitabaki na sarufi yangu na saa ya ukutani. Naomba kamati izuie hatari hiyo mapema.

Nisalimie wanakamati wote, na yule karani ambaye hupiga muhuri barua zangu bila kuzisoma. Namshukuru sana.

Wako katika ulinzi wa miisho ya vitenzi,
Mwl. Aukot Lokuruka

N.B. Nimeambatisha cheti cha Jeanine. Nimekwisha kukitia sahihi, kimebaki muhuri wenu tu. Aliyeleta barua hii anangoja mlangoni, tafadhali asirudi mikono mitupu, kwa maana Ijumaa ni keshokutwa. Mama ana miadi Jumatatu, na amesema akinikuta mimi kwenye kiti cha mkalimani atarudi Namoruputh kwa miguu. Presha yake imeanza kushuka. Dawa anakunywaka.