Malalamiko ya Marehemu wa Kwanza wa "Hodi ya Tatu"

Kiwalani,
Jumamosi, kabla ya chakula cha mchana.

Ndugu Mwongozaji Riaz,

Marahaba. Najua hukuniamkia, ujumbe wako wa sauti ulianza na "mambo vipi mama", lakini marahaba naitanguliza, ili shikamoo yako ukiikumbuka isirudi bure. Natumaini mama yako Fatema hajambo. Mie ni mzima, isipokuwa nina hasira.

Nakuandikia kuhusu filamu unayoirudia upya, "Hodi ya Tatu", ambayo marehemu baba yako Mehboob alituchezesha hapahapa Kiwalani miaka ishirini na mbili iliyopita kwa kamera ya kuazima kwa wapiga picha za harusi. Wenzako ambao hawakuwa wamezaliwa uwasomee hapa: muuaji amevaa gunia la mkaa kichwani, ana mchi wa kinu mkononi, anabisha hodi mlangoni. Akiitikiwa karibu, anaingia na kuua. Akibisha mara tatu asiitikiwe, anaondoka zake kama mgeni yeyote mwenye adabu. Mie ndiye niliyeuawa wa kwanza, dakika ya saba, nikichambua mchele. Ile "karibuuu, pita ndani" yangu inajulikana mpaka Kimbiji. Watoto niliowafundisha hesabu wamesahau hesabu zote, lakini wakiniona njiani wanaisema hiyo.

Muswada ulionitumia nimeusoma tangu chai ya asubuhi. Nina haya.

1. Wahusika wako wameiona filamu yetu, na wanajua kwamba na wao wamo kwenye filamu. Hongera kwa ubunifu. Jani likidondoka wanasimama, wanajadiliana kwamba kwenye filamu za namna hii anayekwenda chooni peke yake harudi. Basi hawaendi. Kurasa arobaini, vijana sita, hakuna aliyekwenda chooni! Nilifika mahali nikawa nahofia figo zao kuliko muuaji.

2. Mmehamia Mbweni, kwenye nyumba ya ukuta mrefu na kengele yenye kamera. Hodi itabishwa wapi, kwa mlinzi? Ati muuaji anajaza daftari la wageni getini. Aliandika na namba ya simu? Sie tulikuwa na mlango wa mbao, pazia, na ndege zinazoshuka uwanjani. Mayowe yangu ya kufa yalimezwa na ndege, ndiyo maana majirani hawakuja. Baba yako hakuipanga, ilijipitia tu, na watu wakasema Mehboob ni fundi.

3. Sadallah seremala alivaa gunia akaua watu tisa. Hakueleza sababu na hakuna aliyemuuliza. Wa kwako ana mshauri nasaha. Ukurasa wa thelathini na mbili analia, kwa kuwa utotoni alibisha hodi hawakumwitikia. Pole yake jamani. Nilipomsimulia Sadallah mwenyewe, aliuliza kama gunia la huyo kijana lina matundu ya macho. La kwake halikuwa nayo. Alijikwaa kwenye kinu kweli, na ile damu ya gotini ndiyo pekee ambayo haikuwa juisi ya rozela. Mpaka leo mzee wa watu akija kwangu hathubutu kubisha hodi, anakohoa tu nje.

4. Hapa ndipo panaponiuma. Ukurasa wa kumi na mbili kijana wako Praygod anawaonyesha wenzake kifo changu kwenye simu. Wanacheka, na anauliza ni mjinga gani anaitikia karibu bila kujua nani yuko nje. Ikifika zamu yao, hodi inabishwa, wote sita kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya, muuaji anaondoka, na wao wanagongeana mikono.

Mwanangu, mie sikufa kwa ujinga. Nilikufa kwa adabu! Baba yako hakuandika karibu popote. Niliambiwa nikisikia hodi nipige kelele na kukimbia. Nikashindwa mara nne. Sadallah akibisha, mdomo wangu unaitikia wenyewe, karibu, pita ndani, mpaka Mehboob akaweka karatasi zake chini akasema basi, filamu ndiyo hiyo. Yote yaliyofuata yametoka kwenye mdomo wangu, Riaz. Katika maisha yangu yote ndicho kitu kimoja nilichofanya ambacho watu wanakikumbuka, na wewe umekifuta. Badala yake umenipa nafasi ya bibi anayekaa mbele ya runinga na kusema "sie wa zamani tulikuwa wajinga." Sentensi moja! Nimeikataa kwa simu na sasa naikataa kwa maandishi.

5. Lipo pia suala la taifa. Vijana wakijifunza kwako kunyamazia hodi, mshenga atabisha na kunyamaziwa. Posa itarudi ilikotoka, ndoa hazitafungwa, watoto hawatazaliwa, na utakapotaka kuirudia filamu hii mara ya tatu hutapata hata mtu wa kuua. Fikiria hilo.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, karibu irudishwe na aiseme anayejua kuisema, yaani mie. Vinginevyo nitamwona mwenyekiti wa mtaa, kisha jumuiya yetu ya kanisani, na ikibidi nitaiandikia serikali kuitikia hodi kuwe na mtihani darasa la saba. Hakuna Mtanzania aliyelelewa akaleleka, awe wa Kiwalani au wa Mbweni, anayeweza kusikia hodi tatu akanyamaza. Hayupo! Nionyeshe mmoja tu, nami nitaifuta barua hii yote.

Nisalimie Fatema, dada yako Alifiya, vijana wote sita wasiokwenda chooni, na yule mshauri nasaha.

Ni mimi niliyekufa vizuri,
Mwalimu Tekla Nikodemu (mstaafu)

N.B. Nilikuwa natafuta bahasha, hodi ikabishwa. Sauti ya kiume, siijui. Kumbuka tangu asubuhi nimeshinda na muswada wako mikononi. Nikanyamaza. Hodi ya pili nikajibanza nyuma ya kabati la vyombo. Ya tatu nikaziba mdomo kwa mikono miwili, maana ulitaka kuitikia wenyewe. Akaondoka. Nilipochungulia pazia nikaona mgongo wa fulana yenye jina la kampuni yako, na chini ya mlango nikakuta kikaratasi: ameleta mkataba mpya, karibu imerudishwa, nafasi ni yangu, leo ndiyo siku ya mwisho ya kusaini, hakumkuta mtu.

Riaz mwanangu, bahasha achana nayo, barua naipiga picha nikutumie sasa hivi. Mwambie arudi. Nipo nyumbani, nilikuwepo muda wote. Na kama nafasi mmeshampa mwingine, basi ile sentensi ya yule bibi naiweza. Nimeijaribu mbele ya kioo na imetoka bila taabu yoyote.