Barua Tano Kuhusu Namba 14

Jumatatu, 3 Machi

Nimeporwa! Miaka kumi na tisa nimetunga chemshabongo ya Ijumaa katika gazeti la mji wetu, kwa jina la Nyigu. Leo mhariri, Tamsin Oakes, kapiga simu kusema Nyigu apumzike kidogo. Apumzike! Ijumaa hii anajaribiwa Bi Dilys Hargreave, mfamasia mstaafu, mwimba kwaya, mpika jemu. Atajiita Sindano. Wasomaji wakimpenda, nafasi ni yake. Wasipompenda, nabaki mimi. Na Tamsin hana haya: kanitaka niijaribu kazi ya Dilys kabla haijachapwa, maana ndivyo watungaji tunavyofanyiana.

Nimeijaribu. Dakika hamsini na moja. Mke wangu Noreen nimemwambia ishirini.

Namba 14 ya mlalo inaniuma. "Chakula kilicho tumboni mwa mwalimu, herufi nne." Wali! Umo mle mle ndani ya neno, m-wali-mu, mchana kweupe. Hakuna neno la ziada hata moja. Unamwona mwalimu kashiba, unampita, kumbe jibu linakukodolea macho. Mimi "mfalme wa nyika aliyejificha kwenye gesi mbaya", yaani ge-simba-ya, alinichukua wiki tatu.

Bila chemshabongo mimi ni nani? Mzee aliyestaafu ofisi ya ratiba za mabasi, basi. Naogopa.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Barua za wasomaji. Mhariri huogopa barua kuliko mahakama.

Nimeandika tano. Kanali mstaafu, kasisi, mfugaji wa ng'ombe, nesi, na mama wa mapacha. Kasisi nimemwandika kwa mkono wa kushoto. Noreen kauliza nafanya nini. Nimesema mazoezi ya viungo.

Lalamiko la hewani halina uzito. Mtu wa chemshabongo akilalamika hutaja namba. Kwa hiyo wote watano wameikamia namba 14, na wote wanamlilia Nyigu arudi. Kanali kazidisha kidogo, lakini askari wazee ndivyo walivyo.

Nitazituma Alhamisi kwa stempu ya bei ya chini. Gazeti linatoka Ijumaa, barua zinafika Jumamosi. Hesabu safi.

Jumatano, 5 Machi

Nimekutana na Dilys kwenye foleni ya mwoka mikate. Kaninunulia pai ya nyama! Kauliza kama namba 14 inawaonea watu. Kama inaonea, ataitoa. Nikamwambia haina dosari. Ni kweli, na hilo ndilo linaloniua.

Kisha akasema, "Bwana Wilfred, wewe ndiye uliyenifundisha bila kujua. Simba wako nimemkata gazetini, nimembandika kwenye friji." Nimeona aibu mpaka kwenye kona ya benki.

Pai ilikuwa tamu. Barua zinakwenda.

Alhamisi, 6 Machi

Saa tano asubuhi nimezitumbukiza zote kwenye sanduku la posta.

Saa tisa Tamsin kapiga simu. Mto umevunja kingo, mtaa wa chini maji ya magoti, ukurasa wa chemshabongo umechukuliwa na picha za mafuriko. Dilys kasogezwa hadi Ijumaa ijayo.

Ijumaa ijayo! Na Jumamosi hii watu watano watakilalamikia kitu ambacho hakuna aliyekiona!

Sanduku hufunguliwa saa kumi na nusu. Nimekimbia na slipa. Nimeingiza mkono hadi kiwiko, nikagusa bahasha, nadhani ya nesi. Mkono ukakwama. Nimesimama pale robo saa nikiwasalimia wapita njia kwa mkono uliobaki.

Tarishi kaja, kaniuliza nimepoteza nini. Nikasema kuna barua zangu tano humo. Kataka majina ya waandishi. Nikamtajia Kanali, kasisi, mfugaji, nesi, mama wa mapacha.

"Na wewe mzee ni yupi kati ya hao?"

Nikasema wote.

Kanitoa mkono taratibu. Kasema barua ikishaingia humo ni mali ya posta, hata ingekuwa ya marehemu mama yake. Kazipakia zote mbele ya macho yangu. "Nenda nyumbani kavae viatu, babu."

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Sikula asubuhi, sikula mchana. Simu ikilia nachupa. Noreen kauliza nina deni la nani. Nikamwambia nina mafua.

Jumamosi, 8 Machi

Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni mwa gazeti. Nikajitolea kusaidia kufungua barua. Tamsin akasema karibu ndani, tumekwisha kuzifungua.

Dilys alikuwa ameketi. Barua tano mezani, zimepangwa safu moja.

Tamsin akahesabu kwa vidole watu walioiona namba 14. Yeye, Dilys, mimi. Nikasema huenda mchapaji. Akasema mchapaji hajapewa. Nikasema mafuriko huja na mambo mengi. Hakuna aliyecheka.

Dilys akaichukua ya Kanali, akaisoma mpaka mwisho bila haraka. "Kanali wako anaandika vizuri, Bwana Wilfred. Ila mwambie, mtu halii hivi kwa kidokezo kibaya. Hulia kwa kizuri."

Nafasi imekwenda. Miaka kumi na tisa! Nikalia, ndiyo, mbele yao. Dilys kanipa leso. Kisha akamwambia Tamsin kwamba ataichukua kazi kwa sharti moja: mimi niwe mkaguzi wake kila wiki, maana mji huu hauna jicho kali kuliko langu. Tamsin kakunja uso, kakubali. Nimeapa mbele yao kwamba nimejirekebisha.

Jumatano, 12 Machi

Chemshabongo ya pili ya Dilys imefika kukaguliwa. Dakika arobaini na nne.

Namba 9 wima ina kosa! Nimeisoma mara nne, chai ikapoa. Kabadilisha neno la jibu kwenye miraba, kidokezo cha neno la zamani kakisahau pale pale. Hakuna mtu duniani atakayelipata jibu. Kwa mtungaji hakuna fedheha kubwa kuliko hiyo. Bi Sindano kateleza!

Kazi yangu ni kumwambia. Nimemrudishia na kijikaratasi: "Safi kabisa, haina kasoro."

Acha ichapwe. Safari hii sihitaji kuandika hata barua moja, mji mzima utaandika wenyewe. Watauliza ni mzembe gani kaiachia. Noreen kashangaa kunisikia naimba.

Tamsin kapiga simu sasa hivi. Dilys ameomba nisifichwe tena nyuma ya jina la bandia: chini ya chemshabongo patachapwa "Imekaguliwa na", kisha jina langu halisi. Kauliza aliandikeje. Nimemwambia kwa ukamilifu, Wilfred Arthur Threlkeld, herufi nene, kubwa kuliko za Sindano.