Wakili wa Upande Mmoja wa Barabara

Jumatatu, 3 Machi
Mteja! Bi Opal Stidham, mjane wa miaka themanini na mmoja. Mpwa wake ameibuka na wosia wa ajabu ajabu, anaidai nyumba. Majibu yafike mahakamani Ijumaa kabla ya saa kumi na moja jioni, la sivyo nyumba inakwenda. Kesi rahisi. Tatizo: nyumba iko jimbo la Virginia, leseni yangu ya uwakili ni ya jimbo la Tennessee. Katikati ni barabara moja tu! Nikitema mate kwa nguvu yanatua jimbo jingine.

Jumanne, 4 Machi
Kanuni zataka niombe ruhusa ya mahakama, na wakili wa kule asimame nami. Wa kule ni Loretta Musick, mwenye leseni za pande zote mbili na mdomo wa pande zote nne. Jumapili iliyopita, kanisani, alinitania mbele za watu: "Wendell, vuka polepole, usije ukaishiwa sheria katikati ya barabara!" Simwombi ng'o. Nimempeleka Bi Opal mkahawani, upande wangu. Ushauri umetolewa Tennessee, tukila maandazi na mchuzi wa soseji. Nani atalalamika?

Jumatano, 5 Machi
Majibu tayari. Nimetia sahihi kwa madaha. Nimemtuma Bi Opal ayapeleke mwenyewe, miguu yangu isivuke. Ujanja huo!

Alhamisi, 6 Machi
Karani wa mahakama kayarudisha. Kasema sahihi ya wakili asiye na leseni ya Virginia ni sawa na karatasi tupu. Nilikaa upande gani wa barabara nikishauri haimhusu. Yeye anauliza ni sheria ya wapi na mahakama ya wapi. Bi Opal hakufoka. Aliketi ofisini kwangu, mkoba mapajani, akaniambia taratibu, "Mwanangu, watoto wanne nimewalea ndani ya nyumba ile. Wewe na Loretta mnakomoana, atakayetolewa nje ni mimi." Nilitamani ardhi ipasuke.

Ijumaa, 7 Machi
Mficha uchi hazai. Nimevuka. Loretta kanisomesha kanuni kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili, kisha kaandika upya, katia sahihi yake. Tumewasilisha zikibaki dakika kumi na mbili. Hakunicheka, na hilo limeniuma zaidi. Miaka yote nimedhani kanuni ile ni ukuta wa kumlindia Loretta wateja wake. Kumbe inamlinda Bi Opal, tena dhidi yangu mimi. Naona haya. Naandika nisisahau.

Jumamosi, 8 Machi
Bi Opal kapiga simu, ananishukuru mimi! Dada yake yuko North Carolina, jimbo jingine tena, anagombania mpaka wa shamba na jirani. Eti nimtafutie wakili mwaminifu wa huko. Nimemwambia asihangaike, wakili ndiye mimi. Safari hii sikosei. Nitamshauri kwa simu, miguu yote miwili ikiwa Tennessee. Itakayovuka ni sauti, na sauti haijawahi kudaiwa leseni.