Nilivyojaza Hoteli Siku ya Kukaguliwa Hasara

Aibu ya leo naisimulia mwenyewe, kabla Kevo wa bodaboda hajaileta kwenye grupu hii ikiwa na chumvi yake. Nimeumbuka mbele ya mtaa mzima, mchana kweupe, nikiwa nimevaa tai.

Kwanza mjue mnazungumza na nani. Nilipoacha kazi Doha nikarudi Nakuru kufungua hoteli, kuna watu walisema sitafikisha mwaka. (Wanajijua. Wawili wako humu.) Mjomba wangu alisema mtu aliyezoea kupika kwenye jiko la marumaru hawezi kusimama mbele ya jiko la makaa hapa mtaani Bondeni. Shemeji yangu wa Olkaria alisema diploma ya upishi ni karatasi ya kufungia mandazi. Nikafungua. Nikafikisha mwaka, nikaanza wa pili. Pesa ni zangu, jasho ni langu. Na diploma yenyewe niliitia kwenye fremu, nikaitundika juu ya sinki ili kila mteja anayenawa mikono aisome, atake asitake.

Kisha korona ikaja. Mnakumbuka. Kafyu, hoteli kufungwa jua likiwa bado liko juu, kila mtu anakula kwake. Niliuza friji. Nikauza televisheni. Nikauza viti vinne vinne hadi vikaisha. Selina, mama aliyekuwa akinisaidia kupika na kuhudumia wateja, nikamwambia apumzike kidogo nitamwita mambo yakikaa sawa. Hiyo "kidogo" imekuwa ndefu kuliko barabara ya Kuresoi wakati wa mvua. Selina ana watoto watatu, na tangu siku hiyo anafua nguo za matajiri kule Milimani.

Kwa hivyo hadi jana hoteli yangu ilikuwa na meza mbili, benchi moja, jiko na diploma. Mwenye nyumba amenipa hadi mwisho wa mwezi nilipe kodi au nitoke.

Sasa jiji likatangaza pesa za kuinua biashara ndogo zilizoumizwa na korona. Kila wadi ina fungu lake. Unajaza fomu, halafu kamati inakuja kukukagua ulipo, inakuuliza maswali, inakupa alama. Wenye alama za juu wanapewa mmoja mmoja mpaka fungu liishe. Jambo rahisi.

Fomu ilikuwa na kurasa nne. Nilisoma ya kwanza nikatia sahihi ya mwisho. (Mtu aliyesoma anajua kurasa za katikati ni maneno tu.)

Nikawaza kama mtaalamu. Kule Doha, wakaguzi wa makao makuu wakija, tulikuwa tunang'arisha hata vijiko ambavyo havijawahi kuona supu. Mkaguzi ni mkaguzi. Nani ataweka pesa kwenye hoteli inayokata roho? Hata ng'ombe, unamuongezea nyasi yule anayekamuliwa.

Basi jana jioni nikazunguka mtaa nikiazima.

Nilianza na Mama Shufaa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, anayeuza chai, mahamri na viazi karai. Akanipa chupa zake nne kubwa za chai na sinia mbili. Hakuuliza ni za nini. Mama Shufaa ukimuomba kitu anakupa, halafu anakuombea dua.

Nikaenda kwa Mzee Gurdeep, Kalasinga wa duka la fanicha pale kwenye kona. Huyo aliuliza.

"Viti ishirini? Diploma, wewe unaoa?" (Mtaa mzima huniita Diploma. Sijawahi kuwakataza.)

"Ni mambo ya jiji, mzee. Kesho jioni vimerudi."

"Hiyo nailoni ya kufunika kiti usitoe. Kiti moja ikipata alama, umenunua."

Akaniongezea televisheni ya dukani, na masharti yake: isiwashwe.

Kisha nikampigia Selina. "Njoo kesho uvae aproni. Siku moja tu."

"Na nitalipwa?"

"Tukipata hizi pesa, unarudi kazini kabisa."

Nikasikia maji yakimiminwa upande wake. "Nitakuja saa moja."

Leo alifika saa kumi na mbili na nusu.

Wakabaki wateja. Nikaenda kwenye stage ya bodaboda, Kevo akaniletea wenzake tisa. Tulikubaliana hivi: pilau ya bure, wakae, watafune polepole, na wasiongee. Kufikia saa tatu na nusu sufuria ya kwanza ilikuwa imeisha.

"Kevo, nilisema polepole."

"Boss, hii pilau yako haijui polepole."

(Nakiri hapo nilifurahi. Nikawaongeza.)

Viti kumi vikawa na watu. Kumi vilivyobaki nikavibandika karatasi zilizoandikwa "Kimehifadhiwa". Tatizo lilikuwa nailoni tu. Kila mtu akisogea, kiti kinalia kama bata aliyekanyagwa.

Saa nne kamati ikafika. Kulikuwa na Madam Chebet kutoka ofisi ya jiji, amekumbatia ubao wake wa kuandikia, na wanakamati wawili wazee kutoka wadi yetu ambao walikuwa wameanza kunusa kuelekea sufuria.

"Habari ya kazi?"

"Kazi ni nyingi, Madam. Mtatuwia radhi, hakuna pa kukaa."

Madam akatazama viti kumi vitupu vyenye karatasi. Akafungua ubao.

"Tangu korona, mauzo yako yameshuka?"

"Yashuke yaende wapi? Hata Milimani wanaagiza hapa."

Akachora duara. Nikajua nimeanza vizuri.

"Umewahi kupunguza wafanyakazi?"

"Na wateja hawa wote? Selina yuko hapa tangu siku ya kwanza, hajawahi kutoka."

Selina alikuwa akifuta meza. Kitambaa kikasimama. Akanitazama, kisha akaendelea kufuta mahali palepale.

Duara la pili.

"Kuna vifaa uliuza ili ujikimu?"

"Madam, mimi huuza chakula. Vifaa hununua."

Hapo Kevo, ambaye hakuna aliyemuuliza, akameza tonge. "Madam, hapa hupati kiti. Jana mimi nilikula nimesimama."

"Kweli kabisa," wenzake wakaitikia. Nailoni zikalia.

Duara la tatu. Madam akafunga kalamu, akanipa mkono.

"Hongera sana. Ningefurahi kama biashara zote za wadi hii zingekuwa hivi."

"Asante, Madam. Na alama?"

"Sifuri."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Sifuri juu ya ngapi?"

"Juu ya kumi. Alama ni za hasara, bwana. Wewe umepona. Hizi pesa ni za wale ambao bado ni wagonjwa. Imeandikwa ukurasa wa pili."

Ukurasa wa pili. (Nyamazeni.)

Kichwani nikamuona mwenye nyumba akija na kufuli. Nikasema, "Madam, kusema ukweli, kuna hasara ndogo ndogo."

"Iko wapi?"

Nikaangaza macho nyumba nzima nikitafuta hasara. Watu kumi wanatafuna. Chupa nne zinatoa mvuke. Nikaonyesha kidole. "Hiyo televisheni imekufa."

Mwanakamati mmoja akanyoosha mkono akaibonyeza. Ikawaka. Picha safi, sauti imejaa nyumba. Wateja wangu wakageuza viti kuitazama.

"Tuendelee na jirani," akasema Madam.

Wakatoka. Nikawafuata, na tai yangu, nikitafuta neno. Mama Shufaa alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mbele yake sufuria moja ndogo ya chai iliyopoa. Madam akauliza kwa upole, "Mama, chai ya wateja unaiweka wapi?"

"Hapa hapa kwa sufuria."

"Huna hata chupa ya chai?"

Madam akatikisa kichwa, akaanza kuandika, na safari hii hakuchora duara. Yaani umaskini wangu nilikuwa nimeuhamishia kwa jirani, na ulikuwa unampendeza.

Lakini Mama Shufaa akainua mwiko. "Ngoja, mwanangu, usiniandikie uongo. Chupa ninazo. Nne. Ziko kwa huyu." Mwiko ukanielekea kifuani. "Alisema anaziazima. Sikujua anaziazima za kukaguliwa."

Kamati nzima ikageuka.

"Ni kweli?" akauliza Madam.

Mimi, mtu wa diploma, nikajibu, "Chupa ni zake, lakini chai ni yangu."

Watu wakaanza kukusanyika. Kabla sijaharibu zaidi, Selina akatoka hotelini akijifungua aproni. Alienda moja kwa moja kwa Madam.

"Mimi naitwa Selina. Huyu alinisimamisha wakati wa korona kwa sababu hakukuwa na kazi. Hakunifukuza vibaya, pesa iliisha tu. Leo nimekuja kwa siku moja. Naomba hiyo ndiyo uandike, kwa sababu akikosa hizi pesa, mimi pia nimekosa."

Nikalegeza tai.

Madam akanitazama kutoka viatu hadi tai. "Haya. Turudi ndani. Kila mwenye chake achukue, mimi nione kitakachobaki."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofanyiwa mnada bila wanunuzi.

Mama Shufaa akachukua chupa zake moja moja, akizipangusa na kitambaa cha kichwa, na kila moja akiitikisa sikioni asikie kama nimevunja kioo cha ndani. Mzee Gurdeep akaitwa. Akaja na mkokoteni, akapita nyuma ya wateja akiwagonga bega. "Simama. Simama. Wewe pia, simama."

Kevo akashika sahani kwa mikono miwili. "Mzee, niache nimalize."

"Malizia umesimama," akasema Madam, "kama jana."

Mtaa ukaangua kicheko. Mwanakamati mmoja ilibidi ashike ukuta.

Viti vikatoka. Televisheni ikatoka, bado inaongea. Sinia zikatoka. Zikabaki meza mbili, benchi, jiko na diploma. Nikavuta pumzi, nikasimama karibu na diploma yangu ili kamati iione.

Mzee Gurdeep akaisogelea, akavaa miwani, akaigonga kioo. "Na fremu yangu. Ulisema unajaribu tu saizi."

"Mzee, hiyo ni ya mwaka juzi."

"Ndiyo. Ni mwaka ya tatu unajaribu."

Akaifungua mgongo, akanipa karatasi yangu mkononi, akaenda na fremu. Nikabaki nimeishika kama mtoto aliyetumwa dukani na orodha. (Upande wa nyuma ina doa la mchuzi. Sasa mnajua yote.)

Madam akafungua ukurasa mpya. Watu walikuwa wamejaa mlangoni hadi barabarani, kwa hivyo akauliza kwa sauti.

"Mauzo?"

"Yalianguka," nikasema.

"Sema kwa nguvu, Diploma!" mtu akapiga kelele huko nyuma.

"Yalianguka!"

"Wafanyakazi?"

"Nilimwacha Selina."

"Vifaa?"

"Viti."

"Na friji," akasema Mama Shufaa. "Andika friji, mwanangu. Niliiona ikibebwa, hata nikamletea maji akiwa amekaa hapo kwa ngazi akijifanya anafunga kiatu."

Miaka yote nilidhani aliamini ile ya kiatu.

"Na pilau," akasema Kevo. "Leo tumemmaliza, Madam. Sufuria mbili. Hiyo ni hasara, sisi ndio mashahidi."

Mtaa mzima ukaanza kunitetea kwa kunimaliza. Mmoja anasema nilikuwa nikinunua makaa ya kopo moja. Mwingine anasema aliniona nikitembea kwa miguu hadi Langa Langa na kurudi, nikisema ni mazoezi. Kila mtu alikuwa na umaskini wangu mfukoni, ameutunza, na hakuna aliyewahi kunirushia usoni hata siku moja. Na mimi nilijua nimewadanganya.

Madam akajumlisha. "Tisa juu ya kumi."

"Na ile moja?" nikauliza. (Sijui kunyamaza. Ni ugonjwa.)

"Hiyo nimekata kwa ajili ya 'Kimehifadhiwa'."

Wakapiga makofi. Nimepigiwa makofi Doha kwa keki ya ghorofa nne. Kwa kufilisika ni mara yangu ya kwanza, na nawaambieni, haya ya leo yalikuwa marefu zaidi. Mama Shufaa akapata saba. "Saba ya halali," akasema, akarudi kumimina chai kwenye chupa zake. Madam akatuambia kwa alama hizo sote wawili hatukosi nafasi kwenye fungu la wadi, ila kamati itakaa Ijumaa kutia muhuri. Kisha yeye na wale wazee wawili wakala kilichobaki kwenye sufuria, na wakalipa. Hao ndio wateja wangu wa kweli wa leo, watatu.

Watu walipotawanyika nilimkuta Selina uani ameinamia sufuria ya pilau, anaisugua.

"Nani amekwambia uoshe?"

"Ulisema tukipata narudi kabisa."

"Bado Ijumaa."

"Basi mpaka Ijumaa naosha polepole."

Ni saa kumi na moja jioni ninapoandika. Nimewarudishia wote walioniazima, hadi fremu. Ukimtoa mwenye nyumba, hakuna mtu Nakuru hii anayenidai hata kijiko, na waliosema sitaweza waandike hilo kwanza kabla ya mengine. Diploma nimeibandika ukutani kwa ugali. Imeshika vizuri.

Ombi langu ni moja tu: mtu asicheke mpaka Ijumaa ipite. Kamati ikisikia vicheko vinatoka hotelini kwangu, itasema nimepona tena.