Bingwa wa Nyoka-nyoka, Kilima cha Ipuli

Jumanne, 5 Agosti 2025

Mwanangu Shamila kaamka mara nne usiku. Macho yangu mekundu kama pilipili. Halafu tuko kwa jirani tunachambua mchele wa arusi, wifi Zamda, dada wa mume wangu, anawatangazia wanawake wote kwamba utotoni bingwa wa nyoka-nyoka hapa Ipuli alikuwa yeye. Yeye! Tena anamwambia mwanangu: shangazi yako hakuwa na mpinzani. Mtoto wa miaka miwili akampigia makofi.

Niandike ukweli hapa. Nyoka-nyoka ni dumu la maji lililopasuliwa ubavu. Unalikalia, unateleza juu ya majani makavu kutoka kileleni, unapinda kushoto, kulia, kati ya vijiti kumi. Nilianza nina miaka minane. Bingwa mara sita. Zamda wa pili mara sita. Sketi zinatoboka nyuma, marehemu mama anashona kiraka juu ya kiraka, hagombi, anauliza tu nimekuwa wa ngapi. Nilipofika miaka kumi na minne akasema basi, umeshakuwa mwari. Nikastaafu bila kushindwa.

Nikamwambia Zamda tukateleze Jumamosi, watu waone. Akasema nilee mwana nitulie, makalio yangu haya yanataka pipa, siyo dumu.

Jumatano, 6 Agosti

Nurdini kinyozi, refa wetu tangu enzi zile, kakubali kupuliza filimbi. Kanionyesha kwenye simu Wazungu wanateleza kwenye theluji, wamesimama juu ya vibao, wanapinda kwenye vijiti. Nyoka-nyoka kabisa! Wenzetu wana makocha na medali. Sisi tulikuwa na viraka. Nimemtazama yule dada bingwa anavyopinda, nikasikia magoti yangu yanakumbuka.

Nurdini anasema siri yao ni nta. Wanaipaka chini ya vibao. Nta! Na mimi niko Tabora, kwenye asali! Nimecheka peke yangu njia nzima.

Alhamisi, 7 Agosti

Rustika, muuza asali wa kutoka Ulyankulu, kanipa masega yaliyokamuliwa. Akaniusia nichemshe, nichuje kwa kitambaa, nirudie tena, asali yote itoke. Nikaitikia kama mwanafunzi.

Nikachemsha mara moja. Shamila akalia, nikamnyonyesha, tukasinzia wote. Kuamka, imeganda. Kuchuja kwa nini? Nta ni nta. Nikapaka unene wa vidole viwili. Awadhi, mume wangu, kauliza mbona nyumba inanukia sikukuu. Nimemwambia ale.

Jumamosi, 9 Agosti

Kilima kimejaa watu. Harufu ya majani makavu ni ileile. Nikakaa kwenye dumu. Nikawa na miaka minane tena, na mama yuko hai.

Filimbi! Zamda huyooo. Mimi palepale. Dumu limenata kwenye majani kama mtoto asiyetaka shule. Nikajisukuma, nikajitikisa. Ndipo nyuki wakaja. Nikainuka mbio, dumu limegandia kitenge kwa nyuma. Kushoto, kulia, vijiti vyote kumi, kwa miguu! Kijiti cha nane nikampita Zamda. Nikafika wa kwanza.

Nikadai ushindi: sheria inasema usiachane na dumu, na mimi sijaachana nalo hata sasa. Nurdini, koti kichwani kwa ajili ya nyuki, akasema huku ni kuteleza, siyo kuhama nyumba. Bingwa ni Zamda.

Shamila akapiga makofi tena. Mwanangu wa kumzaa!

Jumapili, 10 Agosti

Jicho moja limefumba. Zamda kaja na chai ya tangawizi, kaning'oa miiba sita ya nyuki, mkono wake mwepesi. Bila kunitazama akasema ile mara ya mwisho, utotoni, alilia mpaka akalala na njaa. Akaomba Shamila aambiwe kwamba Ipuli ilikuwa na mabingwa wawili.

Nikalainika. Tukawataja wenzetu wote wa kilimani, mmoja mmoja, aliyeolewa Urambo, aliyepotelea Dar. Tukacheka mpaka jicho likauma. Nikakubali: mabingwa wawili.

Alipovuka kizingiti tu nikamnong'oneza Shamila: shangazi alikuwa wa pili. Kisha nikampigia Rustika alete masega mengine. Safari hii sichemshi kabisa. Kilichoharibu nta ni ule moto.