Vizimba Vinavyojijenga

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nimechanganya chumvi ya metali na viunganishi vyake chupani. Daktari Nduta, mkuu wa maabara yetu hapa Nyeri, amesema tusiguse. Ati vizimba vitajijenga vyenyewe, vidogo visivyoonekana, vikusanyike kuwa punje zinazong'aa. Kazi yake kunasa iodini majini. Asiye na punje Ijumaa atatoka kwenye mradi. Nikitoka, ni kuuza mashuka dukani kwa Ami Othmani mpaka nife. Kitu gani hujijenga? Nyumba ya Ami pale Ruring'u ina mafundi wanne na haijapata paa. Nimekoroga kidogo.

Jumanne, 10 Juni
Tope. Nimekoroga tena, nikapasha moto. Tope zito zaidi. Mwenzangu Anita haigusi chupa yake, anafuma sweta tu. Chupa yake safi kabisa. Roho imeniuma.

Jumatano, 11 Juni
Akili ni mali. Anita alipoenda kunywa chai nilibadilisha vibandiko. Jina langu kwake, lake kwangu. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Alhamisi, 12 Juni
Balaa. Chupa yangu mpya ilikuwa imetulia mno. Mkono ulinitangulia, nikakoroga. Tope! Na ile ya zamani, yenye jina la Anita, isiyoguswa na mtu, imeanza kung'aa. Kubadilisha tena siwezi, Anita ameketi papo hapo na sweta yake. Chakula kimenishinda. Mama ameuliza kama nimefukuzwa. Nimemwambia bado.

Ijumaa, 13 Juni
Daktari ameitisha chupa. Anita akaichukua ile inayong'aa, akaigeuzageuza, akaniletea. "Fuad, hii ni yako, kifuniko iko na ufa. Kuna mtu alichanganya majina." Hakuuliza ni mtu gani. Yeye alikuwa ametengeneza nyingine Jumatatu, akaiweka kabatini, kwa tahadhari. Daktari alitia punje zangu kwenye maji ya iodini. Ile rangi ya kahawia ikafifia mpaka maji yakawa meupe. Nimebaki kwenye mradi. Alhamdulillahi! Nimejifungia msalani nikalia kwa furaha.

Jumamosi, 14 Juni
Nimefikiria kwa utulivu. Anita si wa kuaminiwa. Mtu mwaminifu huficha chupa kabatini ya nini? Na vizimba vyangu, ni wazi kabisa, vilifaulu kwa sababu vilikorogwa. Jumatatu tunaanza vingine. Nimenunua mwiko.